Kutojua kwa Msimamizi

Liko neno moja ambalo watu hulisema upesi kazi ikiharibika: "Mimi sikujua." Mtoto akilisema twamsamehe, na mpita njia akilisema twamwacha aende zake. Lakini je, msimamizi wa kazi naye aweza kulisema neno hilo akawa hana lawama? Nataka tulifikiri swali hili kwa kutazama kazi moja inayotuhusu sisi tukaao kaskazini ya Ziwa Nyasa, ijapokuwa ni wachache wanaoikumbuka: kazi ya kupigilia nguzo za gati na kuzitunza.

Nchi ya Kyela ni tambarare, nayo imefanywa na mito. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kuleta mchanga na tope mwaka hata mwaka, maana mvua yetu ni nyingi. Kwa sababu hiyo bandari ya Itungi imesumbuliwa siku nyingi na mchanga unaojaza njia ya vyombo. Upande wa mashariki mambo ni mengine: toka Matema kwenda Lupingu na Manda, milima ya Livingstone yashuka karibu na maji, na kwa vijiji vingi vya pwani ile chombo ndicho barabara. Mgonjwa, mwalimu, gunia la muhogo, na vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vyote hupita majini. Basi mahali pa kupandia na kushukia si jambo dogo.

Tena ziwa lenyewe si la kuchezewa. Urefu wake wapita kilomita 550, na upepo wa kusini uitwao mwera uvumapo, mawimbi hukuta nafasi kubwa ya kukua kabla ya kuvunjika ufuoni kwetu. Mwaka 1946 meli Vipya ilizama katika ziwa hili kwa dhoruba, na watu zaidi ya mia wakafa. Kimo cha maji nacho hubadilika. Toka mwaka 1915 hivi hata 1935 hivi maji ya ziwa hayakutoka kwa mto Shire kama desturi yake. Baadaye yalipanda, na mwaka 1980 yakafika juu sana. Gati lililo imara kwa kimo kimoja laweza kuwa na udhaifu kwa kimo kingine.

Sasa tuitazame kazi. Sote tumefundishwa kwamba mwenye akili hujenga juu ya mwamba. Lakini afanyeje mtu ambaye pwani yake yote ni mchanga? Huyo hutafuta chini kile asichokipata juu. Huisimamisha nguzo ya mti au ya chuma, huinua nyundo nzito kwa kamba na kapi, kisha huiachia ianguke kichwani pa nguzo. Zamani watu walivuta kamba pamoja kwa wimbo. Siku hizi injini huvuta. Mti huvishwa pete ya chuma kichwani usipasuke, na ncha ya chuma chini ipenye. Mwanzoni nguzo hushuka sana kwa kila pigo. Baadaye hushuka kidogo, kisha kidogo zaidi. Msimamizi hupima mapigo kumi ya mwisho yameishusha kiasi gani, na kwa kipimo hicho hujua kama nguzo itauchukua mzigo wake.

Lakini nguzo yaweza kudanganya. Ikigonga gogo lililozikwa matopeni, husimama kana kwamba imefika, kumbe chini ya gogo ni ute mtupu. Kichwa chake kikipondeka, nguvu ya nyundo huishia katika nyuzi za mti, na nguzo haiendi, asiyejua husema, "Imeshika." Tena katika mchanga mwingine nguzo iliyoonekana ngumu jioni hulegea kesho yake, na katika udongo wa mfinyanzi mara nyingi huzidi kushikwa ikipumzishwa. Kwa hiyo msimamizi mwema hurudi asubuhi na kuipiga tena mapigo machache, ijapokuwa kila mtu ataka kuhamia nguzo nyingine.

Na sasa tumefika penye moyo wa swali letu. Nguzo zote zikiisha kupigiliwa, vichwa vyake hukatwa sawasawa, ili mihimili na mbao zikae juu yake. Tangu siku hiyo nguzo iliyoshuka mita kumi na ile iliyoshuka mita nne huonekana sawa. Mgeni mkubwa akija kulifungua gati, atatembea juu yake na kulisifu. Hakuna jicho litakaloona tofauti, ila siku chombo chenye shehena kitakapoligonga wakati wa mwera. Siku hiyo atakayekuwa juu yake hatakuwa yule aliyeipiga nguzo. Atakuwa mama mwenye mtoto mgongoni, aliyelipa nauli yake na kuamini.

Ni nani basi mwenye hatia? Wengine husema, ni wafanya kazi walioacha kupiga kabla ya wakati. Neno hilo lina kweli, lakini tuwahukumu kwa haki. Mtu akilipwa kwa hesabu ya nguzo, kila pigo la ziada lamnyang'anya ujira. Akilipwa kwa siku, jua la mchana lamshauri apumzike. Aliyewawekea watu wake jaribu hilo, kisha akaenda kukaa kivulini, ameshiriki katika tendo lao. Wengine husema, hatia ni ya wakubwa waliomharakisha msimamizi kwa barua, wakitaka gati liishe kabla ya masika. Nao wana sehemu yao. Walakini mkubwa aliye mbali hakuiona nguzo ikigoma kushuka, wala mfanya kazi hana amri ya kuagiza nguzo ndefu zaidi. Kati yao amesimama mtu mmoja aliyewekwa hapo ili aone na ili aseme. Akisema "sikujua," amekiri kwamba hakuifanya kazi aliyopewa. Bawabu akiulizwa nani aliingia usiku, naye akajibu kwamba alilala, hatuhesabu usingizi wake kuwa udhuru. Tunauhesabu kuwa ndilo kosa lenyewe. Mambo ni yayo hayo kwa msimamizi.

Labda mtu atapinga akisema: "Je, asiwaamini watu wake? Kuwahesabia kila pigo ni kuwadharau." Hoja hii ni nzito, kwa kuwa watu wanaochunguzwa kama wezi hujifunza kuiba. Lakini tutazame mizani ya dukani. Mizani ya haki haimtukani muuzaji wala mnunuzi. Humlinda kila mmoja na mashaka ya mwenzake. Kadhalika mapigo yakihesabiwa kwa sauti, watu wote wakisikia, na hesabu ikiandikwa daftarini mbele yao, hakuna aliyedharauliwa. Vipande vilivyokatwa vichwani navyo vipimwe kabla ya kutupwa, maana kipande kirefu ni shahidi wa nguzo fupi. Mfanya kazi mwaminifu huifurahia hesabu hiyo, kwa sababu pasipo hesabu kazi yake njema yafanana na kazi mbaya ya jirani yake.

Iko sehemu nyingine ya kujua, nayo ni kujua habari za watu wenyewe. Nyundo ikiwa juu, asiwepo mtu chini yake, wala mkono usiwepo kichwani pa nguzo. Kamba huchakaa ndani kabla ya kuonekana nje, na anayeihisi kwanza ni kijana aishikaye, si msimamizi. Kwa hiyo kijana huyo awe na ruhusa ya kupaza sauti, "Simama!" na wote wasimame, bila kuulizwa kwanza yeye ni nani. Msimamizi anayewakaripia waletao habari mbaya hujipofusha mwenyewe kwa hiari yake, kisha hulalamika kwamba haoni.

Wala kazi haiishi gati likiisha. Mti uliozama majini daima hudumu sana, maana kuvu wauozeshao huhitaji hewa. Jumba la kifalme la Amsterdam, katika Uholanzi, lilijengwa katika karne ya 17 juu ya nguzo za miti 13,659, nalo lasimama hata leo. Mti huoza pale unapolowa na kukauka, na chuma nacho huliwa na kutu karibu na uso wa maji. Katika ziwa lipandalo na kushuka kama letu, mahali hapo pa hatari huhamahama. Basi mtunzaji hugonga nguzo asikie sauti yake, huzichoma kwa chuma chembamba kuona kama ndani zimeoza, na hupima kwa timazi kama mkondo umechimba mchanga miguuni pake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa gati uko majini, haumwiti mtu. Lazima utafutwe.

Tangu mwaka 2005 bandari zetu za ziwa zimekuwa chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, na kila lijengwapo au kutengenezwa gati, watahitajika watu wa kusimamia. Huenda mmoja wao akatoka katika nyumba ya msomaji wa karatasi hii. Na wengi wetu, tusiopata kuinua nyundo, tu wasimamizi vilevile: wa ghala la ushirika, wa fedha za maziko, wa darasa la watoto. Kila mmoja wetu anavyo vichwa vya nguzo vilivyokatwa sawasawa, ambavyo wapitao hawawezi kuvipambanua.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kutojua ni udhuru kwa yule ambaye hakupewa kazi ya kujua. Aliyeipokea kazi hiyo na kula ujira wake, ataulizwa pia juu ya yale ambayo hakutaka kuyaona. Na apige tena mapigo machache asubuhi, apime, aandike. Kama nguzo haijafika, neno lake liwe fupi: "Bado."