Namba Zipendanazo na Hirizi ya Mahaba

Katika hirizi za mahaba za watu wa kale mna namba mbili, 220 na 284, mojawapo huwekewa mpendaji na ya pili mpendwa. Ibn Khaldun (1332–1406) amezitaja katika Muqaddima, mlango wa uchawi na talasimu.

Je, ni uwongo mtupu? La, ndugu msomaji, na hapo ndipo penye hatari. Orodhesha namba zote ziigawanyazo 220 bila ya kubakisha, ila yenyewe: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55, 110. Zijumlishe, utapata 284. Kisha zigawanyazo 284: 1, 2, 4, 71, 142. Jumla yake ni 220. Kwa hivyo zikaitwa namba zipendanazo.

Thabit bin Qurra, aliyefariki Baghdad mwaka 901, hakutosheka na kustaajabu. (Alikuwa Msabii wa Harran, maulamaa wetu hawakuona haya kusoma kwake.) Alitoa kanuni kwa dalili. Twaa 8, na maradufu yake 16. Kila moja izidishe kwa 3, utoe 1: ni 23 na 47. Kisha 8 mara 16 mara 9, utoe 1: ni 1,151. Zote tatu ni namba tasa, basi kanuni imesimama: 16 mara 23 mara 47 ni 17,296, na 16 mara 1,151 ni 18,416. Hizo nazo hupendana. Atakaye na ahakikishe. Ukianza na 4 na 8 hupati kitu, kwani ya tatu ni 287, nayo ni 7 mara 41. Kamal al-Din al-Farisi alikuwa nazo kabla Mfaransa Fermat hajaziandika mwaka 1636.

Sasa twauliza. Ikiwa mapenzi ya namba huvuta nyoyo, mbona muuza hirizi haijui 17,296? Neno "kupendana" hapa ni jina tu walilopewa wagawanyo. Kweli ya namba haiongezeki kwa zafarani, wala haipungui kwa karatasi kuoza. Aliyeachwa na mumewe huuziwa kweli ya hesabu iliyofungwa katika uwongo juu ya Mwenyezi Mungu, kwani nyoyo zi mikononi Mwake.

Yuko atakayesema: Ibn Khaldun alikuwa mwanachuoni, naye amezitaja. Naam, na katika mlango huo huo amesema kuwa sharia imeutia uchawi na talasimu katika fungu moja la haramu. Wanaomtaja kwa nusu ya kwanza na waisome ya pili.

Lakini tusimlaumu muuzaji peke yake. Yule mama hakuweza kumpinga, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kugawanya. Sisi tulioketi barazani tukicheka ujinga wake tulikuwa na binti zetu nyumbani, na ubao, na chaki, na jioni nzima. Tuliwafundisha nini?