Deni kwa Mfu Asiye na Jina

Karibu na mji wa Nakuru, katika nyanda za juu za Kenya, kipo kilima kiitwacho Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi. Hapo wafugaji wa kale, walioishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, waliwazika wafu wao chini ya marundo ya mawe. Bibi Mary Leakey alichimba mahali hapo mwaka 1937 na 1938, akaona wanawake wamewekewa vyombo vya mawe kando yao. Majina yao hakuna ayajuaye. Basi twauliza: je, mtu wa namna hii anatudai kitu?

Swali hili si la mchezo kwetu. Tulipojenga shule kijijini, mawe yalikuwa haba, na juu ya mlima palikuwa na rundo la kale. Wazee wakasema, "Hatujui ni la nani." Nasi tukasema, "Kama halina mwenyewe, ni letu." Tukachukua.

Hoja yetu ilikuwa na nguvu. Mfu hasikii baridi; mtoto asomaye chini ya mti huisikia. Wala hapana mjukuu aliyekuja kulalamika. Nani basi aliyedhulumiwa?

Lakini tumefikiri tena. Mawe hayapandi mlima yenyewe. Kila jiwe lilibebwa na mtu aliyechoka, kwa ajili ya mwenziwe asiyeweza kumlipa wala kumshukuru. Naye alijua ya kuwa atakufa, na kwamba kazi yake itabaki mikononi mwa watu asiowajua. Watu hao ndio sisi. Tena, kama haki ya mfu yaisha jina lake lisahauliwapo, basi haki zetu sote zina siku ya kuisha.

Hatusemi kaburi lisiguswe kamwe. Achimbaye polepole, akaandika kila alionalo, ametujulisha habari za wafu ambao tusingewajua. Sisi hatukujifunza neno, tulibomoa tu.

Mawe yaliyosalia uwanjani tumeyapandisha tena mlimani pamoja na wanafunzi. Mengine yamo ukutani hata leo, na watoto hawasomi tena chini ya mti. Hatuwezi kuyatoa. Lakini kila mwaka twawaambia wanafunzi wapya yalikotoka, ili wajue kwamba shule yao ina mtu inayemwia.