Jicho Lililobaki



Tumeulizwa swali moja katika nyumba zaidi ya moja. Je, Mkristo anayekataa matibabu anatenda dhambi? Na yule anayeyakubali, amepungukiwa na imani?

Swali lilianza kwa mzee wetu mmoja anayeishi na binti yake hapa Bujumbura. Usiku mmoja wa mvua alishikwa na maumivu makali ya kichwa, akatapika mpaka asubuhi. Tuliitwa, tukaweka mikono, tukaomba. Tukasema ni malaria, kwa maana kwetu kila kutapika ni malaria. Alituambia kwamba anaona taa imezungukwa na duara za rangi kama upinde wa mvua. Wengine wetu tulidhani ni maono. Jicho lilikuwa jekundu, wala hatukulijali. Alipofika kwa daktari wa macho siku ya nne, jicho la kulia lilikuwa limekwisha.

Daktari alieleza hivi. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa daima na kutoka katika pembe ndogo, pale sehemu yenye rangi inapokutana na ukuta wa jicho. Kwa watu wengine pembe hiyo ni nyembamba, na uzee huibana zaidi kwa sababu lenzi ya jicho hunenepa. Ikizibika ghafula, maji hayana pa kutokea, presha ya jicho inapanda, na mshipa wa kuonea unaharibika kwa muda mfupi. Kilichopotea hakirudi. Kwa hiyo mtu akipata maumivu ya ghafula, jicho jekundu, duara kuzunguka taa na kutapika, apelekwe usiku uleule. Tutaomba njiani.

Huu si ugonjwa wa mbali. Kule Kongwa, Tanzania, walipimwa watu 3,268 wa miaka 40 na zaidi, na matokeo yakatolewa mwaka 2000. Katika kila watu 1,000, kama 6 walikuwa na glakoma ya namna hii, na kama 31 ile nyingine inayoiba polepole bila maumivu.

Sasa daktari anataka kutoboa tundu dogo sana kwa mwanga wa leza katika jicho la kushoto, lile zima, ili maji yapate njia. Ni kazi ya dakika chache. Mzee amekataa. "Wanangu, hili ndilo lililobaki. Mwenye taa moja haichezei." Watoto wake wanasema ni mkaidi, na mmoja alituomba tumwamuru kwa jina la Bwana.

Hatukumwamuru. Tukumbuke Bartimayo katika Marko 10. Umati ulitaka anyamaze, lakini Yesu, ambaye hakuhitaji kuambiwa, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Na sisi wakimbizi tunajua maana ya kuamuliwa: wengine wamepanga tulale wapi, tule nini, tuandikwe katika orodha gani. Mwili wa mzee ni kama shamba la mwisho aliloachiwa.

Lakini kumheshimu si kumwacha gizani. Kuna namna ya kusema "ni uamuzi wake" ambayo ni kukwepa tu safari na gharama. Anastahili kuambiwa ukweli wote, nao si mmoja kwa watu wote. Kule Guangzhou, China, watu 889 wenye pembe nyembamba ambao bado hawajaugua walitobolewa kwa leza jicho moja, jingine likaachwa. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba, baada ya miaka 6, macho 19 yaliyotobolewa yalipata shida, na 36 kati ya yaliyoachwa. Mengi yaliyoachwa yalibaki salama. Basi mama aliyeambiwa tu kwamba pembe zake ni nyembamba, akachagua kupimwa mara kwa mara, hajakosa, na watoto wake wasikimbilie mkopo kwa hofu. Mzee wetu hayuko hapo. Jicho moja likishapigwa, la pili lisipotibiwa hupigwa kwa karibu nusu ya watu ndani ya miaka michache. Kumfariji kwa hesabu ya Guangzhou kungekuwa kumdanganya kwa maneno ya kweli.

Kuhusu imani, someni Isaya 38. Hezekia aliahidiwa miaka 15, na bado jipu lake liliwekewa tini. Tulipohubiri kwamba dawa ni ya wenye imani haba, tulikosea.

Tulibishana pia kama ni haki kumkumbusha mjukuu atakayeacha shule ili amshike mkono. Tunaona ni haki, ikisemwa mara moja tu, na isisemwe na mjukuu mwenyewe.

Jumamosi tulirudi, tukamwuliza anaogopa nini. Kumbe si leza. Aliamini kwamba matone ya daktari ndiyo yaliyoua jicho la kwanza. Ilitubidi kumwambia kwamba lilikufa katika zile siku nne tulizoomba bila kumpeleka. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema anataka daktari amweleze yeye mwenyewe, si binti yake, nasi tukae naye.

Tunakwenda Alhamisi. Bado hajasema ndiyo.