Raha Iliyo na Mwisho

Anayekulia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hujua mapema kwamba bei ni kitu kinachohama. Mji ni mmoja, koo ni zilezile, lakini ukivuka geti sukari ina bei nyingine na mayai yana bei nyingine, na shilingi moja ya Kenya inakuwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda mkononi mwa mbadilisha pesa. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa hofu ya sumukuvu, gunia ambalo juzi lilikuwa mali likageuka mzigo, na ndani yake hakuna punje iliyokuwa imebadilika. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa kwamba bei na thamani ni mambo mawili. Ndiyo maana naona hapa, kati ya Busia na Tororo, panafaa kuulizia swali ambalo watu wa kipato kidogo huulizana kwa sauti ya chini: asiye na pesa nyingi afurahi kwa kiasi gani?

Sauti inashushwa kwa sababu tumezoea kuiona raha ya mnyonge kama wizi. Unga, kodi ya nyumba, karo na dawa vina watetezi. Lakini mwendesha boda boda akilipia king'amuzi, majirani humfanyia hesabu. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba mambo yakibana, burudani ikatwe kwanza. Siuamini. Nyumba isiyo na kicheko hutawanyika: baba anahamia baa, kijana anahamia kibanda cha video, binti anajifungia na simu. Raha iliyofutwa kwenye bajeti haijafa. Imetoka nje, na huko nje ni ghali zaidi.

Kisha kuna suala la siku. Mafunzo ya matumizi mazuri ya pesa yametungwa kwa ajili ya mtu wa mshahara: panga mwezi, nunua kwa jumla, tenga fungu la starehe. Anayevusha mizigo kwa baiskeli Busia, au anayeponda kokoto Tororo, hana mwezi. Ana leo. Hununua kadogo, mafuta ya kupimiwa na bando ya siku, na kwa kila kipimo hulipa zaidi ya tajiri, naye anajua. Burudani imemfuata hukohuko kwenye siku yake. Taa na televisheni za sola za kampuni kama M-KOPA, iliyoanza kuuza nchini Kenya mwaka 2012 na baadaye kuingia Uganda, hulipiwa kidogo kidogo kwa simu. Malipo yakikatika, kifaa hulala. Serikali ya Uganda nayo, kuanzia Julai 2018, ilimtoza kila anayetumia mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku, hadi Julai 2021 ilipoiondoa tozo hiyo na kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Si ajabu kwamba wengi mpakani hutembea na laini za nchi zote mbili.

Sitaki kuyalaani malipo ya siku. Yameingiza mwanga katika nyumba ambazo zisingeuona kwa njia nyingine. Kinachonisumbua ni namna raha ya aina hii inavyokoma. Bando hukukata katikati ya filamu, mwizi bado hajakamatwa. Unaondoka na hamu ileile uliyokuja nayo, kesho unanunua tena ili umalize, na hakuna cha kumaliza kwa sababu video nyingine imeshajipanga. Pesa imeisha lakini haijatosha. Nadhani uwekevu wote unasimama au kuanguka hapo, katika kujua tofauti ya kuishiwa na kutosheka, na nyumba nyingi zinazolaumiwa kwa ubadhirifu zimenaswa tu na starehe ambazo zenyewe hazina mwisho.

Tazama sasa chungu cha ajon, pombe ya Wateso ambayo wengi Uganda huiita malwa. Unga wa wimbi umechachushwa, ukakaangwa, ukaanikwa, ukachanganywa na kimea. Chungu kimoja kinawekwa katikati na watu wanakizunguka, kila mmoja na mrija mrefu ambao ncha yake ya chini ina kichujio kidogo kilichosukwa ili makapi yasipande. Mchango ni wa wote. Kinywaji cha mwanzo ni kizito na kichungu. Kikipungua, mtu anakuja na birika na kumimina maji ya moto. Mazungumzo yanasimama kidogo, chungu kinatulia, mirija inarudi kazini. Maji yanaongezwa tena na tena, na kila mara ladha inakuwa nyepesi, mpaka inafika mahali kila aliyeketi anajua, bila kuambiwa, kwamba wimbi limetoa lililokuwa nalo. Watu wanaaga. Hakuna aliyekatwa.

Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wateso wa Kenya, alichapisha mwaka 1980 insha nzima kuhusu unywaji wao, akiuona kuwa mahali ambapo jamii inajitazama, pamoja na ujirani wake na mivutano yake. Mimi naongeza jambo moja la kiuchumi: raha ya chungu hupimwa na watu walewale wanaoionja, kwa wakati mmoja. Kikomo hakikuwekwa na aliyeuza.

Mgiriki Epikuro, aliyefungua shule yake bustanini mjini Athens yapata mwaka 306 kabla ya Kristo, aliliona tatizo hili mapema. Alizitenga tamaa za asili, ambazo hutulizwa kwa urahisi, na tamaa tupu, kama za utajiri na sifa, ambazo hazina mpaka wa kufikia. Mtu mwenye busara, kwake, ni yule anayeridhika na mkate na maji, na akipata kipande cha jibini anafanya karamu. Nakubaliana naye nusu. Alikiweka kikomo ndani ya akili ya mtu mmoja mmoja, naye alijua thamani ya marafiki kuliko wengi. Lakini akili ya mtu mmoja saa nne usiku, na simu mkononi, ni mlinzi dhaifu sana. Wateso na majirani zao Wasamia na Wapadhola walikiweka kikomo nje, kwenye kitu kinachoonekana na kuonjwa, na wengine wakiwa mashahidi.

Hata mpira una kikomo hicho. Vijana wanaolipa kiingilio kidogo kutazama ligi ya Uingereza kwenye kibanda wanajua kwamba baada ya dakika 90 na za nyongeza kipenga kitalia. Watabishana njiani, watalala. Sina neno baya juu ya kibanda kama hicho. Anayeharibu ni yule aliyeleta mkeka wa kubeti, kwa sababu mkeka unaondoa kipenga. Mechi ikiisha kuna nyingine, na aliyepoteza anaona lazima aendelee mpaka arudishe. Pesa aliyolipa mlangoni anaijua. Hiyo nyingine haijui mpaka imekwisha.

Wazee wetu walithubutu kuweka kikomo hata kwenye ukarimu, jambo ambalo kwao lilikuwa zito kuliko mpira. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wapo wanaousoma msemo huu kama ubahili. Mimi nausoma kama njia ya kumwezesha mwenye nyumba achinje kuku siku ya kwanza kwa moyo mweupe, kwa kuwa anajua hatachinja hadi banda libaki tupu. Jembe linamtoa mgeni kwenye ugeni na kumwingiza katika familia. Linganisha na matanga ya siku hizi huku magharibi mwa Kenya, ambapo waombolezaji hulishwa usiku baada ya usiku na vyombo vya muziki hukodishwa: hakuna anayethubutu kusema imetosha, na wafiwa hubaki na deni juu ya msiba.

Nimekisifu chungu, na lazima niseme pia ubaya wake. Pombe imekula karo za watoto wengi pande zote mbili za mpaka, na chungu chenye mwisho hakimzuii mlevi kuhamia cha jirani. Tena ajon haijipiki. Anayekaanga unga ule juani ni mwanamke, mara nyingi mjane, na mara nyingi karo ya mtoto wake inatoka humohumo kwenye chungu ambamo karo ya mtoto wa mwingine inaingia. Kilicho rahisi kwa wanaokaa mara nyingi ni jasho la aliyesimama. Anayehesabu gharama ya raha ya nyumbani kwa shilingi peke yake ameacha nje saa za huyo mama, kuni zake na maji aliyobeba.

Na hapo ndipo hoja yangu inapogharimu. Raha zenye mwisho, hadithi za jioni, bao, ngoma, hata kusikiliza redio pamoja na kubishana juu yake, zote zinahitaji mtu awepo. Simu haihitaji mtu. Shule za Uganda zilipofungwa, kikamilifu au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, watoto walikuwa nyumbani, lakini wazazi walilazimika kuendelea kutafuta riziki, na popote palipokuwa na simu, simu ndiyo iliyolea. Hata sasa mama anayeuza nyanya Malaba, mpakani pia, hufunga meza giza likiingia. Bando ya mtoto wake ni malipo ya yaya asiyeweza kumwajiri. Anayetaka kumwambia aikate, amwambie pia nani atakaa na mtoto huyo kuanzia saa kumi alasiri, na atalipwa nini.