TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 18: PIGO LA KWANZA



Leo tuseme kidogo kuhusu gari. Anayetoka kijijini kuja Kibondo au Kasulu mjini anajua linavyotikisika kwenye vumbi. Kwa nini basi eabegi, ule mfuko wa hewa uliokunjwa ndani ya usukani, haifumuki kila tunapoingia shimoni?

Kuna sensa na kompyuta ndogo inayopima mwendo unavyokatika. Shimo, tuta, breki ya ghafla: inanyamaza tu. Gari likigonga kwa nguvu, inawasha kibaruti, gesi inajaza mfuko, yote ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Hata jicho halijamaliza kupepesa. Ikichelewa, kichwa kimeshafika kwenye usukani, na hapo mfuko unaweza kuumiza badala ya kuokoa.

Sasa kumbukeni hadithi ya Anas bin Malik (r.a) waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w) alimpita mwanamke analia kaburini, akamnasihi amche Allah na asubiri. Yule mama, bila kumtambua, akamjibu kwa ukali. Alipoambiwa ni nani, akamfuata nyumbani kuomba radhi. Mtume (s.a.w) akamfundisha kwamba subira ni ile ya pigo la kwanza. Neno lenyewe la Kiarabu, sadma, asili yake ni kitu kugongana na kitu!

Maana baada ya siku tatu kila mtu hutulia. Hata asiyeswali hutulia. Kazi ipo saa kumi na moja jioni sokoni, koo limekauka, mteja anakutukania maharage yako. Sekunde ile ndiyo tumefundishwa kusema: mimi nimefunga. Ukilisema baada ya kumrudishia tusi, umechelewa.

Na eabegi haikunjwi siku ya ajali. Taa yake ikibaki inawaka kwenye dashibodi, kuna hitilafu, huenda isifumuke, wapo wanaomwambia fundi atoe balbu tu (yaani gari limepona!). Wewe ukiona alfajiri zinakupita na ulimi umekuwa mwepesi, hiyo ni taa. Usiitoe balbu.

Mnaosafiri leo kati ya Kibondo na Kasulu, fungeni mikanda, maana eabegi bila mkanda haitoshi. Msikimbizane na adhana. Bebeni tende na maji, mfuturu njiani.