Jiwe la Ivuna na Imani Yetu

Jioni moja hapa Nyakahura, mafundisho ya kipaimara yalipokwisha na nyota zimeanza kutoka, kijana mmoja alituuliza: "Mchungaji, kama huko juu wako viumbe wengine, je, Yesu aliwafia na wao?" Tulikuwa tumechoka, tukamkemea, tukasema hayo hayamo katika katekisimo. Akanyamaza, na Jumapili mbili hakuja. Hapo tukajua ya kuwa hatukumkemea kwa imani, bali kwa hofu.

Basi na tulitazame swali lake. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa. Vipande vilivyookotwa havikufika kilo moja. Mwaka 1961 wataalamu wawili, George Claus na Bartholomew Nagy, waliandika kwamba katika jiwe hilo, na katika jingine lililoanguka Ufaransa, wameona vitu vidogo mno mfano wa mabaki ya viumbe. Wengine wakachunguza, wakaona ya kuwa baadhi ni chavua ya mimea ya dunia hii, na vingine ni chembe za madini tu.

Msomaji ataka kushangilia? Asifanye haraka. Mwaka 2001 watafiti walitoa habari kwamba katika jiwe lilo hilo zimo asidi amino, zilizo kama matofali ya kujengea miili ya vyote vilivyo hai, na yamkini zilitoka huko huko angani. Matofali si nyumba, ni kweli. Lakini mtu aliyeiweka imani yake juu ya neno hili, kwamba huko juu hakuna kitu, amejenga juu ya jambo asilolijua, na habari moja ya gazeti yatosha kumwangusha. Asiyeamini naye hapati faida, maana kiumbe hicho kikionekana, nacho kitaulizwa kimetoka kwa nani.

Wako wanaotaja Yohana 10:16, habari za kondoo wengine, wakidhani ndio hao wa nyotani. Sisi hatukubali. Kondoo wale ni mataifa, yaani sisi wenyewe, watu wa Biharamulo na Ngara, ambao waandishi wa Yerusalemu hawakuwajua hata kwa jina. Bwana alitujua tulipokuwa hatujulikani. Nani basi atamhesabia zizi lake?

Je, aliwafia? Kama wako, nao hawakuanguka dhambini, hatuoni haja. Kama walianguka, Paulo katika Wakolosai 1:20 hakuuwekea upatanisho mpaka wa dunia. Ataja na vya mbinguni. Zaidi ya hapo hatukuambiwa, wala si aibu kwa mwalimu kusema hivyo mbele ya wanafunzi wake.

Tulikwenda nyumbani kwa kijana yule, tukamwomba radhi, tukamweleza haya. Alisikiliza sana, kisha akauliza kama jiwe lile laweza kuonekana. Tukamwambia, "Mwanangu, kipande kikubwa kimewekwa London." Akasema ni mbali. Jumapili iliyofuata alikuja.