Mkono Mchanga wa Mzee

Wahenga walituachia methali mbili zinazofanana: samaki mkunje angali mbichi, na udongo uwahi ungali maji. Zote husemwa juu ya malezi, na katika malezi zina haki. Lakini tumezizoea hadi tunamfungia mlango mtu wa miaka sitini anayesema anataka kujifunza kuchonga sanamu za watu. Tunamtazama kwa huruma, tunamwambia kwamba kuchelewa si kukosa, kisha tunageuza mazungumzo. Faraja hiyo ni rahisi mno, na mtu huyo anastahili swali la haki: amechelewa nini hasa?

Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Hoja hiyo inamwelemea anayeanza ukubwani. Kama ufundi ni mazoea ya mkono, basi aliyekaa karibu na mjomba wake tangu utotoni, akipiga msasa vinyago vya wengine kabla ya kuruhusiwa kushika tezo, ana kitu kisichonunuliwa kwa kiinua mgongo. Nenda kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, ukatazame. Gogo la mpingo nje ni jeupe lenye umanjano, ndani ni jeusi, na ni zito hata ukilitia majini linazama. Fundi hapimi kwa rula. Anaona weupe unapoishia, anajua kiuno cha mwanamke anayemchonga kitapita wapi, na tezo inashuka bila kusita. Kibanzi kikishabanduka hakirudi. Mwanagenzi anajua hivyo pia, na ndiyo maana anasita, na kusita kwake hubaki kwenye mti: mapigo mengi madogo pale ambapo pigo moja lingetosha.

Deni la mkono, basi, ni la kweli, na anayekwambia halipo anakudanganya. Mchoraji Renoir alilijua vizuri. Alikuwa bingwa wa rangi kwa miaka mingi alipogeukia sanamu uzeeni, huko Cagnes kusini mwa Ufaransa, mikono yake ikiwa imepindwa na baridi yabisi. Mwaka 1913, akiwa amepita miaka sabini, alianza kufanya kazi na kijana wa miaka 23, Richard Guino: mzee anaelekeza, kijana anaufinyanga udongo. Sanamu zilizotoka zina miili minene, tulivu, ya wanawake wale wale wa kwenye picha zake. Je, ni za nani? Mwaka 1973, wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki, mahakama ya Ufaransa ilikubali kwamba Guino ni mtunzi mwenza. Naona ilitenda haki. Mkono unaogusa udongo nao unaamua, hata unapotii.

Hata hivyo hapo hatujamaliza, kwa sababu sanamu ya mtu haidai mkono peke yake.

William Edmondson alizaliwa yapata mwaka 1874 karibu na Nashville, Tennessee, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa. Alifanya kazi katika karakana za reli hadi alipoumia, kisha akawa mhudumu katika hospitali ya wanawake kwa miaka mingi. Kazi hiyo ilipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa anakaribia sitini. Ndipo alipoanza kuchonga, na mwenyewe alisema ni Mungu aliyemwagiza. Hakuwa amesoma shule yoyote ya sanaa. Mawe yake ya chokaa yalitoka kwenye nyumba zilizobomolewa na kingo za barabara, na patasi zake alizitengeneza kwa misumari ya reli. Alianza na mawe ya makaburi ya watu wa mtaani kwake. Zikafuata sanamu za wahubiri, wauguzi, malaika, bondia. Mwaka 1937 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilimfanyia onyesho la peke yake. Hakuna Mmarekani mweusi aliyewahi kupewa heshima hiyo pale kabla yake.

Ukizitazama kazi zake, viungo havijaachana na jiwe. Mikono imelala juu ya mwili, pembe za jiwe la ujenzi bado unaziona mabegani, nywele na nguo zimeachwa na alama za patasi. Mwalimu wa maumbile ya mwili angepata mengi ya kusahihisha. Lakini watu hao wamekaa. Uzito wao umeshuka kwenye makalio na nyayo, na hakuna hata mmoja anayeelea. Kumchonga binadamu ni kuamua uzito wake unakwenda wapi, na jambo hilo naamini Edmondson alilijua mabegani kabla hajalijua kwenye patasi, kwa miaka ile ya kuhudumia miili ya wengine.

Hapa ndipo mtu mzima anapomzidi kijana. Kijana anaufahamu mwili kama kitu chake mwenyewe, nao ni mwepesi. Mtu mzima ameshambeba mtoto mgongoni akalala, na anajua mtoto aliyelala huhisika mzito kuliko aliye macho. Amemgeuza mgonjwa kitandani. Ameingiza bega chini ya jeneza. Tazama kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, watu wamebebana kutoka chini hadi juu: palipo na uhai ni kwenye migongo na magoti, pale mmoja anapopokea mzigo wa mwingine.

Lakini miaka haifanyi kazi hiyo yenyewe. Wapo waliobeba wagonjwa huku wakiangalia saa. Kwa hao sitini ni hesabu tu, na patasi haitawapa walichokataa kukitazama.

Kipo kikwazo kingine, ambacho kwetu huenda ni kizito kuliko mkono wenyewe. Mzee kwetu ndiye anayefundisha. Sasa fikiria mwalimu mkuu mstaafu ameketi kwenye kigoda cha mwanagenzi, na mbele yake kijana aliyezaliwa baada ya yeye kuwa na wajukuu. Kijana ameanza na shikamoo, kisha baada ya muda anasema, "Mzee wangu, samahani, patasi unaibana mno. Ilegeze." Watu wanasikia. Mzee ana njia mbili. Anaweza kueleza kwa nini aliibana. Au anaweza kulegeza vidole na kujibu, "Sawa, fundi."

Naamini mtu huwa mchongaji katika jibu hilo, kabla hajauza sanamu hata moja. Kijana anayejifunza hana cha kupoteza, bado hajawa mtu fulani. Mzee anaiweka rehani sura aliyoijenga maisha yake yote, na anaiweka mbele ya watu. Huo ni uamuzi wa kimaadili kabla haujawa wa ufundi, na ndiyo maana wengi wenye vipaji hawaufikii, si kwa sababu ya macho au viungo vyao.

Kwa hiyo wewe uliyestaafu na unawaza jambo hili, usianze na twiga wa kuwauzia watalii. Mtafute fundi, mlipe siku yake kama ambavyo ungemlipa seremala, upige msasa mpaka akupe patasi. Kisha mchonge mtu uliyewahi kumbeba. Edmondson alifariki mwaka 1951, hakuwa amefikisha hata miaka ishirini na mitano ya kuchonga. Nenda mwezi huu.